Unataka kuandika lugha ya nyumbani? Soma hii kwanza kabla hujaanza kuweka alama za toni

Hii nimewaandikia watu wa huku Ziwa Victoria, Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wazinza, Wahaya, wale ambao wameamua kuandika lugha ya nyumbani na sio kuiongea tu. Labda unataka kuandika hadithi za bibi, labda nyimbo za kwaya, labda tangazo la afya la kijijini. Kwenye group la ukoo unaandika vizuri tu na watu wanakuelewa, ila siku unaambiwa sasa tunachapa kijitabu ndo unaanza kujiuliza, hizi sauti za kupanda na kushuka naziandikaje? Niweke vimkwaju, vile vimistari vya á na à, juu ya kila irabu? Au niache?

Mimi nilikosea hapo na nimejifunza kwa shida, kwahiyo naandika ili mwingine asipoteze mwaka mzima kama nilivyopoteza mimi.

Kwanza tuelewane toni ni nini maana shuleni hatukufundishwa, na hatukufundishwa kwa sababu Kiswahili hakina toni. Kiswahili kina mkazo, na mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Mwalimu anakupa mfano wa barabara, ukikaza BA ya pili ni njia ya magari, ukikaza RA ya kwanza ni "sawasawa", na mfano wenyewe unakumbukwa kwa sababu iko michache. Toni ni kitu kingine. Ni sauti kuwa juu au chini kwenye silabi, kama unavyosikia mtu akipiga mluzi, na hiyo juu au chini inabadilisha maana. Waigbo wa Nigeria wana neno akwa. Ákwá ni kilio, àkwá ni yai, ákwà ni kitambaa, àkwà ni kitanda. Herufi ni zilezile kabisa. Wayoruba nao wana ọkọ ambaye ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni chombo cha kusafiria, ọ̀kọ̀ ni mkuki.

Ukiona mifano hiyo unasema duh, bila alama watu watasomaje? Na mimi nilisema hivohivo. Ila subiri.

Nilikuwa nimeandika karatasi ya kurasa nne kwa Kisukuma kuhusu kichocho, kwa ajili ya kina mama wa Igombe wanaofua na kuoga ziwani. Niliweka alama kila silabi, ya juu mkwaju huu, ya chini mkwaju ule, nilikesha. Nikampa mama mmoja mtu mzima ambae kitabu chake cha nyimbo cha Kiswahili anakisoma bila kusita. Akashika karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, kidole kikawa kinaenda neno kwa neno, kinasimama, kinarudi nyuma. Kufika mstari wa tatu akaniuliza, "Mwanangu, hivi vidoti vidoti vya nini? Karatasi yako imechafuka?" Nikamwambia, "Hapana mayu, ni sauti hizo, ndo zinakuonyesha namna ya kutamka." Akaniangalia akasema, "Kwani mimi Kisukuma sikijui?"

Hilo swali lake ndo msingi wa haya yote. Msomaji wa lugha yake tayari anaijua. Hahitaji karatasi imfundishe kutamka. Anahitaji karatasi imsaidie kutambua neno haraka, akishalitambua toni inakuja yenyewe mdomoni.

Na sio mimi tu niliyeona. Mwaka 1999 mtafiti Steven Bird alichapisha jaribio alilofanya magharibi mwa Kameruni kwa wasomaji wa lugha ya Dschang, ambayo inaandikwa na alama za toni kila mahali. Aliwapa watu maandishi yenye alama na yasiyo na alama, karibu wote walikuwa wamehudhuria madarasa ya kuweka alama. Matokeo ni kwamba alama zilipunguza ufasaha wa kusoma, na hata pale ambapo neno lina utata hazikusaidia kuutatua. Alafu akawaambia waweke alama wenyewe kwenye maandishi yasiyo nazo, wazoefu wakapata asilimia 83.5, wasio wazoefu asilimia 53, ambayo haiko mbali sana na kubahatisha. Yani unawapa watu mzigo wa kuandika ambao hata wazoefu hawaubebi wote, na msomaji hapati faida.

Sasa usichukue hiyo ukasema basi toni tusiandike kabisa popote. Jibu linategemea lugha yako toni inafanya kazi gani. Ndo maana kuna hatua, na nitazieleza kama nilivyozifanya mara ya pili.

Anza na irabu, sio na toni

Kisukuma kina irabu 7, Kiswahili kina 5. Ukiandika Kisukuma kwa herufi 5 za Kiswahili kuna irabu zinabanana pamoja, i mbili zinakuwa moja, u mbili zinakuwa moja. Alafu kuna irabu fupi na ndefu. Wengi tunakuta maneno mawili yanaandikwa sawa tunalaumu toni kumbe kinachotofautisha ni irabu au urefu wake. Waganda toni hawaandiki ila urefu wanaandika kwa kurudia irabu, aa, ee, oo. Wakikuyu toni hawaandiki ila zile irabu mbili za ziada wameziwekea alama, ĩ na ũ, na watu wanasoma. Kwahiyo tatua irabu kwanza. Orodha yako ya maneno yenye utata itapungua sana kabla hujagusa toni.

Na mkubaliane pia kwenye konsonanti. Mmoja anaandika kubona, mwingine kubhona, hao wote wanasema "kuona". Chagueni moja.

Rekodi mtu anaongea, usikae unatunga mifano kichwani

Hapa ndo penye kazi kubwa na ndo hatua ambayo watu wanairuka. Ukikaa mezani na kalamu ukitafuta maneno yanayofanana utapata mengi, utaogopa, utaweka alama kila kona. Ila maneno hayo mengi hayakutani kabisa kwenye maisha. Moja ni kitenzi na jingine ni mdudu, hayawezi kukaa sehemu moja kwenye sentensi. Nani atachanganya? Kinyarwanda kina inda ya tumbo na inda ya chawa, zinatofautiana kwa toni na zinaandikwa sawa, na watu wanasoma magazeti.

Kwahiyo chukua simu, mrekodi mzee anasimulia kitu cha kweli, safari yake ya Nansio, mwaka wa njaa, harusi, dakika kumi zinatosha kwa kuanzia. Andika alichosema neno kwa neno bila alama yoyote ya toni. Siku nyingine tafuta mtu ambaye hakusikia ile rekodi, mpe asome kwa sauti, na wewe ukae pembeni na nakala yako. Kila anapotamka vibaya alafu akarudi kujirekebisha, piga mstari. Kila anapotamka vibaya na akaendelea bila kujua, piga mistari miwili. Hiyo ya pili ndo hatari, maana huyo amesoma maana nyingine na ameridhika.

Fanya kwa watu watano sita. Wakishamaliza utakuwa na orodha yako ya kweli, na nakuhakikishia itakuwa fupi kuliko ulivyodhani.

Kama wewe mwenyewe sikio lako la toni halijakaa sawa, mwambie mzungumzaji apige mluzi lile neno badala ya kulitamka, au agune mdomo ukiwa umefungwa. Maneno yakiondoka sauti inabaki peke yake na unasikia inapanda wapi. Na kila neno liweke ndani ya sentensi ileile moja, mfano "alisema ___ jana", kwa sababu neno likisimama peke yake mwisho wake huwa unashuka na unakudanganya.

Tenganisha toni ya neno na toni ya sarufi

Ukiangalia orodha yako utaona makundi mawili. Kundi la kwanza ni neno na neno, kama yai na kitanda vya Waigbo. Kundi la pili ni neno lilelile, kitenzi kilekile, ila toni inabadilisha wakati au nani anafanya au sentensi inakuwa ya aina nyingine.

Angalia hii ya Kinyarwanda: abana bakina umupira. Inaweza kuwa "watoto wanacheza mpira" na inaweza kuwa "watoto wanaocheza mpira". Kwenye maandishi ni sawasawa, mdomoni kitenzi kinapata toni ya juu kwenye ile ya pili. Kiswahili kimetupa -o- ya kuonyesha hilo, wana-o-cheza, tumezoea mpaka hatuioni. Sasa fikiria msomaji anasoma abana bakina umupira, anadhani sentensi imeisha, kumbe ndo inaanza, "watoto wanaocheza mpira... wameumia". Inabidi arudi nyuma. Kwenye ukurasa mmoja akirudi nyuma mara sita atachoka ataweka kitabu chini.

Kwa maoni yangu kundi hili la pili ndo linastahili alama kuliko la kwanza. Neno la kawaida msomaji ataokolewa na muktadha, sarufi muktadha mara nyingi hausaidii, kwa sababu alicheza na anacheza vyote vinaingia palepale na vyote vina maana.

Na habari njema ni kwamba sarufi unaweza kuionyesha bila kuandika toni yenyewe. Huna haja ya kuuliza sauti inapanda wapi, unasema tu kitenzi cha aina hii kinaandikwa hivi, kina kistari mbele, kina herufi fulani mwisho, basi. Togo kwenye lugha ya Kabiye, David Roberts na Stephen Walter walilinganisha njia mbili za kuandika, moja inaweka alama za toni na nyingine inaonyesha sarufi bila toni, wakachapisha mwaka 2012, na waliojifunza ile ya sarufi waliandika haraka zaidi na kwa usahihi zaidi. Mimi inaniingia akilini, kwa sababu mtu anajua anachotaka kusema, "hii ni jana", ila hajui sauti yake imepanda silabi ya ngapi.

Angalia kama toni yako inatulia au inahama

Hii ni ya kwetu kabisa na vitabu vya kufundishia toni vilivyotoka Afrika magharibi mara nyingi havikuandai nayo. Kiyoruba, toni ya neno kwa kiasi kikubwa inakaa kwenye neno lake. Lugha za Kibantu za huku zinahamisha. Kijita kinasogeza toni ya juu silabi moja mbele. Kisukuma ndo kinajulikana duniani kwa hili, toni ya juu inaweza kusikika silabi mbili mbele ya pale inapotoka, na inaweza kuvuka mpaka wa neno ikaangukia neno linalofuata.

Chukua kusola, kuchagua. Weka -ba- ya "wao" iwe kubasola, kuwachagua. Hiyo ba ndo inakuja na toni ya juu, lakini ukisikiliza, juu haiko kwenye ba, iko mbele. Sasa utaiandika wapi? Ukiandika pale inaposikika, neno lilelile litakuwa na sura hii kwenye sentensi hii na sura nyingine kwenye sentensi ile, kutegemea limekaa na nani. Ukiandika pale inapotoka, msomaji anaona alama sehemu ambayo mdomo wake haupandi, anachanganyikiwa.

Na kusoma kwa ufasaha ni kulijua neno kwa sura yake, kama unavyomjua jirani yako kwa mbali bila kumuona pua. Neno likibadilisha sura kila linapokaa, jicho halizoei. Bird nae alifika hukohuko kwamba njia ya kuweka alama kila sauti ina mashaka makubwa kwa lugha ambazo toni zinaathiriana sana. Kwahiyo kama lugha yako ni ya kuhamisha, sheria yangu ni hii, kila neno libaki na sura moja popote lilipo, na kama kuna alama basi ni sehemu ya tahajia ya neno hilo, haiendi na kurudi.

Chagua njia

Ziko kama nne. Kutoweka kitu, kama Kishona, Kizulu, Kijaluo, Kinyarwanda. Kuweka kila mahali kama nilivyofanya mimi na karatasi ya kichocho. Kuweka kwa maneno machache tu yanayogongana, kama Waewe wa Ghana na Togo ambao wanatofautisha mí (sisi) na mi (ninyi), maana hapo hakuna muktadha utakaokuokoa. Na kuonyesha sarufi tu.

Kuna pia njia ya kuweka alama za kawaida za uandishi mbele ya neno badala ya juu ya irabu, kistari na kiapostrofi, wanafanya hivo lugha kadhaa za Cote d'Ivoire tangu miaka ya 1970. Faida yake ni kwamba taipureta na simu yoyote inazo. Kwetu Wasukuma kiapostrofi tayari kina kazi nyingine kwenye ng' na ng'w, kwahiyo hapo uwe makini.

Kwa lugha nyingi za ziwani mimi ningeanza na kutoweka kitu, alafu ningeongeza pale tu ambapo ile mistari miwili ilijirudia kwa wasomaji tofauti.

Alafu mara nyingi dawa ni kubadilisha sentensi tu! Kwenye karatasi yangu walikwama sehemu tatu, mbili nilizimaliza kwa kuongeza neno moja la "jana" au kumtaja mtendaji kwa jina. Hamna alama iliyohitajika.

Simu na kompyuta

Usichague alama ambayo watu hawawezi kuiandika. Kwenye simu ukibonyeza a ukaishikilia zinatokea á à â ã, hizo ni salama. Kwenye kompyuta kuna programu ya bure inaitwa Keyman ina kibodi za lugha nyingi sana.

Kitu ambacho wengi hawajui, meseji ya kawaida inabeba herufi 160. Ukiweka á, í, ó au ú hata moja tu, simu inabadilisha mfumo na meseji inashuka hadi herufi 70, ikizidi hapo inahesabiwa zaidi ya moja. Lakini à, è, ì, ò, ù na é zimo kwenye mfumo wa kawaida, hizo hazipunguzi kitu. Kwahiyo kama mnabishana tuweke mkwaju wa kulia (á) au wa kushoto (à) na kwenu vyote ni sawa, hiyo ni sababu ya kweli ya kuchagua wa kushoto, kwa sababu kuna watu kule visiwani bado wanategemea meseji ya kawaida.

Kingine, á inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja au kama a ikafuatiwa na alama peke yake. Kwa macho ni sawa, kwa kompyuta ni vitu viwili, ukitafuta neno kwenye kamusi yako halionekani. Wote mnaoandika tumieni kibodi moja. Na fonti jaribu inaitwa Andika, ndio, neno letu, imetengenezwa kwa watu wanaoanza kusoma na alama zake zinakaa vizuri juu ya irabu.

Pima, usibishane

Kwenye vikao vya lugha watu wanapigana kwa maneno saa tatu, huyu anasema alama ni heshima ya lugha, yule anasema ni usumbufu. Pima. Andika habari moja ya maneno kama 120, tengeneza nakala mbili, moja na alama na moja bila. Tafuta wasomaji, wagawe makundi mawili, mtu mmoja asisome zote mbili maana ya pili ataijua tayari. Washa saa ya simu. Mtu akimaliza maneno 120 kwa sekunde 150 huyo anasoma maneno 48 kwa dakika. Hesabu makosa. Alafu, hii usisahau, muulize maswali matano ya alichosoma, kwa sababu kuna anaekimbia haelewi na kuna anaeenda taratibu ameelewa vyote.

Na wape waandike pia. Soma sentensi kumi kwa sauti waandike kwa kila njia, uone wanakosea wapi. Njia ambayo watu wanaisoma vizuri lakini hawawezi kuiandika itakufa na wewe uliyeitengeneza.

Wachukue wasomaji wa kawaida, sio walimu. Mama anaeuza dagaa Kirumba ana thamani kubwa kwenye jaribio hili kuliko mimi na wewe. Na kumbuka huku kwetu karibu kila mtu amejifunza kusoma kwa Kiswahili, lugha za nyumbani shule hazifundishi, kwahiyo jicho lake limezoea maandishi yasiyo na alama. Kila alama unayoongeza ni somo ambalo inabidi mtu akae nae afundishwe, nani atamfundisha na lini? Kama kuna darasa kanisani au kikundi cha vikoba chenye dakika 20 za kusoma, sawa, alama mbili tatu zinafundishika. Kama karatasi inabandikwa tu kwenye mti pale mwaloni wanaposhushia samaki, weka sifuri.

Karatasi yangu ya kichocho toleo la pili ilibaki na alama moja tu, kwenye kitenzi kimoja ambacho watu wanne kati ya sita walikisoma tofauti na nilivyokusudia. Chini ya ukurasa wa kwanza niliandika mstari mmoja unaoeleza alama ile na mfano wake. Nilimrudishia yule mama. Alisoma kurasa zote nne kidole kikiwa kwenye kanga, alafu akaniambia ukurasa wa tatu kuna konokono nimemuita kwa jina la Shinyanga, sisi huku tunamuita vingine.

Nikabadilisha konokono.